Mashangazi Kumi na Sita Juu ya Buti

3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukilipumzisha hilo goti ndipo na mimi huku napata usingizi. Mimi sijambo. Mafua yamekwisha, sauti imerudi, na wanafunzi wangu wamesikitika sana.

Nakuandikia kwa sababu jana nimekuona. Tulikuwa chumba cha walimu tukisubiri taarifa ya habari, mara likaja tangazo la gari. Mama mmoja mnene, gauni la maua makubwa, anafungua mlango wa nyuma wa gari kuukuu, anakaa, na pua ya gari inapanda juu. Dereva anatupa miguu hewani kama mtoto anayevishwa suruali kwa nguvu. Kisha mama yule yule anahamia gari jipya, anakaa, na gari linatulia tuli. Sauti inasema, "Bebeni ukoo mzima!" Walimu walicheka mpaka wa hesabu akajimwagia chai. Na mimi nilicheka, Shangazi, mpaka yule mama alipogeuza uso.

Nikawaambia, huyo ndiye aliyenilea. Wakaangua kicheko upya.

Wewe uliniambia umepata kazi ya kushona nguo za waigizaji. Hukuniambia kwamba mwigizaji ni wewe. Sasa kila mtu atakucheka njiani, na mimi siko karibu nikutetee. Usinikasirikie kwa hili ninaloandika: huoni kama ni wakati wa kupunguza mwili kidogo? Si kwa ajili yao, ni kwa ajili ya goti.

Mwanao,
Mwalimu

11 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba. Mimi mzima, goti linanung'unika lakini halijagoma. Nimefurahi kwamba mafua yamekwisha, maana nataka uwe na nguvu za kutosha kupokea maneno yangu.

Mgongo niliokubebea utotoni ulikuwa na nyama hizi hizi, na sikuwahi kukusikia ukilalamika kwamba ni laini mno. Mimi mnene. Sina ubishi na hilo, na wewe usiuanzishe. Ubishi wangu ni na gari.

Ni kweli nilikwenda kushona. Mwigizaji waliyemwajiri alikuwa mwembamba, wamemfunga mto tumboni, na kila akitembea mto unashuka mapajani. Meneja wa matangazo akautazama mto, akanitazama mimi, akaniuliza kama ningependa kutokea kwenye televisheni. Ulitaka nijibu nini? Nilikubali, na siku ile nilicheka kuliko wote. Gari lilikuwa limefungwa waya wa chuma, kreni inalivuta kwa juu. Waya wakaja kuufuta baadaye kwenye kompyuta.

Sasa sikia kisichochekesha. Madereva wa kituo cha teksi hapa kwetu wamekataa kunibeba. Walianza kwa utani, eti nikikaa nyuma watashindwa kukata kona. Nikacheka nao. Lakini yuko mmoja wanamwita Injinia, kwa sababu hajawahi kuulizwa kitu akasema hajui. Huyo kawaambia wenzake kwamba ni sayansi: mtu mnene akikaa nyuma, matairi ya mbele yanaachia barabara. Wamekubaliana wote. Wiki nzima natembea kwa miguu hadi kibandani kwangu pa kushonea, na yule bibi wa hospitali niliyemshonea sare miaka yote hii ananiambia kazi inachelewa na ameshapata fundi mwingine wa kujaribu. Ikiniponyoka kazi ya sare, mwanangu, nafunga cherehani.

Nawaambia palikuwa na waya. Wananijibu najitetea. Wewe umesomea mambo haya, basi niambie: ni kweli au si kweli? Usinionee huruma, na usiniletee zile herufi zako zenye alama za kujumlisha. Kama ni kweli, nitafunga mdomo na kutembea. Kama si kweli, watanitambua.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi wangu,

Shikamoo, na nisamehe kwa lile la mwili. Sitarudia. Goti linasemaje? Jifunge kitambaa cha moto jioni.

Si kweli. Nimelipigia hesabu huku na huku, na si kweli hata kwa bahati mbaya. Nilipolitazama mara ya kwanza sikufikiri, nilicheka tu kama wengine, na mimi ndiye ninayelipwa kufikiri.

Chukua benchi lako la wateja. Keti popote kati ya miguu yake, wewe na jirani zako wote, mbanane mnavyotaka. Halitanyanyua upande wowote. Litavunjika kabla halijanyanyuka. Sasa sogea kwenye ncha, ile sehemu inayozidi mguu kwa nje, na hapo upande wa pili utapanda. Gari nalo ni benchi, miguu yake ni matairi. Kiti cha nyuma kiko mbele kidogo ya matairi ya nyuma, yaani kati ya miguu. Ukikaa pale unayakandamiza matairi yote manne. Ya nyuma yanapata mzigo mkubwa zaidi, ndiyo, na springi zinabonyea mpaka pua inaonekana kutazama juu kidogo. Injinia kaona hilo akafikiri ameona yote. Matairi ya mbele hayaachii chochote.

Na ukitaka kweli pua ipande? Inabidi ukae nje, juu ya buti, nyuma kabisa ya tairi. Nimehesabu kwa gari la kawaida: wanahitajika mashangazi kumi na sita wa kilo zako. Buti litakuwa limebonyea kama sufuria kabla nusu yenu hamjapata pa kukaa.

Nimewapa wanafunzi kazi ya kukagua matangazo mengine ya magari ya kuchekesha. Lile la bwana aliyesahau kikombe cha chai juu ya paa, kisha akakanyaga breki na chai ikamwagikia kioo cha mbele, wanafunzi wamekuta ni la kweli, na bado linachekesha. Lile la mwavuli unaosimamisha gari, uongo mtupu, mwavuli ungegeuka nje ndani. Lakini mwavuli haumnyimi mtu teksi. Nimewaandikia watu wako wa matangazo barua nzito.

Mwanao,
Mwalimu

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na msamaha umepokelewa. Goti sijalifunga kitambaa, nimelitumia.

Nimejaribu benchi. Tulibanana wanawake sita kati ya miguu, likalia lakini halikunyanyuka. Kisha nikamwacha jirani yangu muuza vifungo peke yake ncha ile, nikahamia ncha hii, nje ya mguu. Mwanangu, alipaa! Sanduku lake likapaa naye, vifungo tukaviokota mpaka kwenye mtaro. Hajaninunia bado, anamsimulia kila mteja.

Basi nikachukua tepu yangu, nikaenda kituo cha teksi, nikapima gari la Injinia mbele ya wenzake. Kiti kiko mbele ya tairi, kama ulivyosema. Nikawaeleza habari ya benchi neno kwa neno. Wawili watatu wakaanza kuitikia kwa kichwa. Injinia akasema benchi si gari, na yeye kaona kwa macho yake gari likinyanyuka. "Shangazi, hata wewe umejiona," akaniambia. Hapo wote wakacheka na mimi nikarudi kwa miguu. Nilikuwa na hasira, nikashona mfuko wa sare nje ndani.

Na jana meneja wa matangazo amekuja kibandani. Wanafanya maonyesho uwanjani mwezi ujao na wanataka nirudie mbele ya watu: nikae gari kuukuu, pua ipande, halafu nihamie gari jipya. Safari hii hakuna kreni, wataficha jeki chini ya jukwaa. Mkataba niliotia sahihi unasema nitatokea mara moja hadharani. Nikamwambia watu wanaamini ni uzito wangu. Akasema, "Ah, Shangazi, kila mtu anajua ni mzaha." Nikamwomba twende pamoja kituo cha teksi akawaambie hivyo. Akatazama saa yake.

Shangazi yako

6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo naruka habari za afya, nitaziuliza mwishoni.

Usiende. Nakuomba kwa heshima zote, usiende. Kwenye televisheni unaweza kusema waya. Uwanjani watu watakuwa wamesimama hapo hapo, wataona kwa macho yao, na madereva watakuwepo wakisubiri abiria. Ukishanyanyua gari mbele yao, benchi langu halitakusaidia tena. Sema unaumwa. Wakitaka kwenda mahakamani, waende. Nitakuja nisimame na ubao.

Watu wako wamenijibu. Barua nzima ina mstari mmoja: "Mwalimu, utani hauna fizikia."

Unakula vizuri? Unalala? Usiende.

Mwanao,
Mwalimu

2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu, na simu unanikatia ukisema una kazi. Natumaini ni kazi kweli na si ugonjwa.

Kwa hiyo ulikwenda. Limeletwa gazeti hapa chumba cha walimu na nimekuta picha: jukwaa, umati, na gari kuukuu limeinua pua. Chini wameandika, "Pua juu!" Hapakuwa na maelezo zaidi. Ni picha ndogo, imefifia, hata ndani ya gari huonekani. Nadhani ulikuwa umeinama kwa aibu, na wazo hilo limeniliza mbele ya mwalimu wa hesabu.

Sikulaumu. Umebanwa na mkataba, na wewe ni mtu mmoja. Lakini nina uchungu, sitaki kukuficha. Niambie unaendaje kibandani siku hizi. Kama sare zimekwenda, funga safari uje kwangu, nina vyumba viwili.

Mwanao,
Mwalimu

9 Mei

Mwanangu mpumbavu ninayekupenda,

Marahaba. Mimi mzima wa afya na sikukujibu kwa sababu nimezama kwenye sare za hospitali, za idara mbili. Futa machozi, na mwambie mwalimu wa hesabu afute ya kwake.

Picha uliyoiona ni sahihi kabisa. Sionekani ndani ya gari kwa sababu sikuwemo.

Ngoja nikueleze vizuri. Nilikwenda, nimevaa gauni lile lile la maua. Sikuwa na mpango wowote wa maana. Nilifikiri nitakapopewa kipaza sauti nitaeleza habari ya benchi, lakini meneja akasema kipaza sauti ni cha mshereheshaji peke yake, kazi yangu ni kukaa. Nikamuuliza jeki linaendeshwaje. Akanionyesha, anajisifu: kijana wao wa ufundi amelala chini ya jukwaa, haoni kitu, ngoma ikilia anapandisha, na mshereheshaji akisema "Bebeni ukoo mzima" anashusha.

Basi nikapanda. Watu walikuwa wengi, na wale wa teksi wamesimama mstari wa mbele, Injinia katikati yao kama ndiye mwenye shughuli. Nikafungua mlango wa nyuma, nikakaa. Ngoma ikalia, pua ikapanda. Uwanja mzima ukalipuka kicheko. Nikamwona Injinia anawapiga wenzake mabega, si niliwaambia?

Mwanangu, nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata. Nilisikia ile barua yao ya mstari mmoja kichwani. Eti utani hauna fizikia! Mbona goti langu linayo, na ndilo linalotembea? Mshereheshaji alikuwa bado anapiga porojo zake. Nyuma ya gari ilikuwa chini, mlango uko karibu na sakafu.

Nikafungua mlango, nikashuka.

Nikasimama kando ya gari, mikono kiunoni, na gari likabaki pale pale, pua juu, halina mtu nyuma. Yule wa chini ya jukwaa hakujua lolote, alikuwa anasubiri maneno yake. Mshereheshaji akageuka, akaona, maneno yakamkauka mdomoni, na kwa kuwa hakuyasema, jeki halikushuka. Kicheko kilikatika kwanza. Watu wakanitazama mimi, wakalitazama gari, wakanitazama mimi. Nikalizunguka polepole, nikainama nikachungulia kwa mbele, nikawaonyesha watu jeki kwa kidole. Hapo kilirudi kicheko kingine, kikubwa zaidi, na safari hii nilicheka nao.

Meneja alikuja juu, ananiambia nimevunja mkataba. Nikamwambia mkataba unasema nitokee hadharani, na sasa nimetokea. Ananishtaki? Na anishtaki. Aeleze mbele ya hakimu kitu gani nilichomharibia, na wewe uje na ubao wako kama ulivyoahidi.

Nikatoka uwanjani na njia nzima watu wananipisha. Nje Injinia alikuwa amenitangulia, kasimama kando ya teksi yake. Akaniambia tu, "Shangazi, twende nikupeleke." Akanifungulia mlango wa mbele, kwa adabu zote, anaushikilia kama anambeba waziri.

Nikaufunga ule mlango. Nikafungua wa nyuma, nikakaa katikati kabisa, nikamwambia atie gari moto.

Shangazi yako