Zulia la Nadhiri ya Mama

Antigua, Guatemala
Jumatatu ya Pasaka, 20 Aprili 1987

Mpendwa dada Casilda,

Shikamoo, dada. Kabla ya yote, kifua chako kimepona? Na huko Houston joto limeshaanza? Huku tunaendelea, ila mama bado anashika tumbo kila akiinuka, na baba hana raha tangu Ijumaa Kuu. Ndilo hasa nililotaka kukuuliza, maana nimechanganyikiwa.

Unajua baba aliweka nadhiri: tutandaze zulia la unga wa mbao wa rangi mbele ya nyumba, maandamano ya Ijumaa Kuu yenye sanamu ya Bwana yalikanyage, ndipo mama akafanyiwe upasuaji Alhamisi hii. Mkono wa baba siku hizi unatetemeka, akaniachia kuchora. Niliacha waridi za kila mwaka, nikachora makomamanga yaliyopasuka, mbegu za rangi nyekundu iliyokoza. Ijumaa asubuhi tulimaliza, migongo ikituuma.

Mchana mvua ikanyesha upande wa kanisani. Kwetu yalidondoka matone tu, lakini wachukuzi waliifunika sanamu kwa nailoni wakairudisha kanisani kwa njia ya mkato. Mtaa wetu haukupitiwa.

Jirani yetu Bi Refugio, ulimi wake unaujua, akaniambia akiwa mlangoni pake, "Eh, Fidencio, mmetandika kitanda, bwana harusi kala kona." Watu wakacheka. Nami nilicheka, na moyoni nilifurahi kidogo kuona makomamanga yangu yamebaki mazima. Kisha nikamwona baba.

Tangu hapo najiuliza. Kule kwenye kinu cha kahawa ninakofanya kazi, gunia la kahawa nililolishona likifika bila kupasuka, kazi yangu imefaulu. Zulia hutengenezwa ili liharibiwe. Sasa hili lililobaki zuri, limefaulu au limeshindwa? Na mtu anawezaje kupenda alichokitengeneza kuliko yule aliyemtengenezea?

Baba alikuwa na lake. "Bwana amekataa. Hatumpeleki mama yako hospitali." Akaweka viti kulizunguka zulia, hata mbwa asipite.

Jumamosi asubuhi mama akatoka na ndara zake.

"Baba Casilda, tumbo linalouma ni la nani?"

"Lako."

"Basi toa kiti."

Akalikanyaga zulia mwanzo hadi mwisho, polepole, akiniegemea begani, mbegu zikivurugika chini ya ndara. Alipofika mwisho akasema, "Nadhiri imelipwa. Nifungashieni nguo zangu." Safari hii Bi Refugio alijifuta macho kwa aproni.

Baba anasema haijalipwa, kwamba mgonjwa hawezi kujilipia nadhiri aliyowekewa. Mama anasema imelipwa. Nimewasikiliza wote wawili, na kila anayesema namwona ana haki. Wewe mkubwa wetu, unaonaje? Najua jibu lako halitafika kabla ya Alhamisi, lakini niandikie hata hivyo.

Mama anakwenda, ameshaamua. Baba ameapa kwamba yeye haendi. Ila leo nimemkuta anapiga pasi shati lake jeupe.

Msalimie sana shemeji Rutilio na mpwa wangu Aurelia. Shangazi Domitila anakusalimu, anasema amekuwekea pipi za maziwa. Mungu aifunike nyumba yako, na Alhamisi atufunike na sisi.

Mdogo wako akupendaye daima,
Fidencio