Nta ya Miezi Miwili

Baba watoto,

Sisi hatujambo. Kitinda mimba ameng'oka jino la mbele, basi anapiga miluzi kutwa mpaka masikio yanatuuma.

Leo nimepeleka gari lako kwa fundi wa rangi. Kanifokea! Kumbe sabuni ya vyombo ninayoliosha nayo kila Jumamosi, ili majirani waone mwenyewe yuko njiani, ndiyo iliyomaliza nta yote uliyolipaka kabla hujasafiri. Boneti imepauka. Usikasirike, nilidhani natunza.

Fundi anasema kuna njia mbili. Nta inang'aa sana, ila baada ya miezi miwili imekwisha. Silanti, ile dawa ya kufunika rangi, haing'ai hivyo, lakini inakinga rangi mwaka mzima. Akaniuliza, "Mama, mwenye gari anarudi lini?" Swali dogo tu, nikajikuta naangalia matairi.

Mama yako naye juzi aliniuliza ni nani yule mwanamke aliyepokea simu yako alipokupigia. Nikamwambia ni mwenzako wa kazini. Akaendelea kukunja nguo. Tuyaache hayo.

Fundi alishauri silanti. Gari lisilo na mwenyewe, alisema, halipakwi nta. Nilisimama pale mpaka kivuli kikanihama, jua likaanza kunichoma utosini, ndipo nikamwambia apake nta.

Miezi miwili, baba watoto. Usije ukaniaibisha mbele ya fundi.

Ni mimi,
mkeo