Bi Tatu Alivyokuiga Msibani

Bibi yangu mpenzi,

Nakuandikia kukuarifu kwamba nimepata kazi ya kufundisha fasihi, na kwamba ni wewe uliyenipatia.

Tangu ututoke, nyumba ya Ng'ambo imepakwa chokaa upya, na paka wako amehamia kwa jirani bila hata kuaga. Nami nimerejea kutoka bara na shahada. Tasnifu yangu inachambua riwaya mpya kuhusu marehemu anayerudi kwake kila Alhamisi jua likizama, kama ulivyokuwa ukitusimulia, kusikiliza iwapo bado anatajwa. Anawakuta wanawe wanacheka.

Siku ya usaili, mwenyekiti, mzee mwenye miwani mizito, alishikilia kwamba hapo mwandishi amekosea: mfiwa hacheki, na asiyeliona kosa hilo hafai kukabidhiwa darasa. Nilikwenda na hoja za wataalamu, Bibi. Zote zilinitoka.

Nikamkumbuka Bi Tatu. Unajua alichokufanyia? Tulipokuwa tumejiinamia matangani, mtani wetu yule, Mzaramo asiyechelea msiba wa mtu, aliingia amejitanda kanga yako, kajishika kiuno, anatembea mwendo wako mtupu. Akaonja kahawa, akakunja uso: "Hii mmeichemsha au mmeianika juani?"

Ilikuwa sauti yako. Sauti yako hasa, Bibi. Mama, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu uzikwe, alicheka mpaka akalia, kisha akaomba wali.

Basi, kwa heshima zote zinazostahili, nilisimama mbele ya wale wazee, nikajishika kiuno, nikakiinua kikombe cha mwenyekiti, nikaonja, nikauliza swali lako.

Wakatazamana. Nikajua kazi imeota mbawa. Mwenyekiti akavua miwani taratibu.

"Marehemu mama yangu naye," akasema, "chai nyepesi alikuwa akiimwaga mlangoni." Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka, akajifuta macho kwa kiganja. "Kaa, mwalimu."

Katika tasnifu niliandika kwamba kicheko cha wafiwa ndiyo njia anayorudia marehemu. Nilidhani ni nadharia tu. Lakini pale, kikombe mkononi, nilikusikia... Hilo sitaliandika kokote ila hapa.

Nakuahidi wanafunzi wangu watamjua Bi Tatu kabla ya mtaalamu yeyote. Mola akulaze pema. Alhamisi hii, saa kumi na mbili na nusu jioni, udi utakuwa umeshika, Bi Tatu amealikwa, na kahawa nitaichemsha mwenyewe. Njoo uionje.

Mjukuu wako,
Mwalimu Zuhura