Baba Tumaini, Mzabibu Wako Nimeukata

Mpendwa Baba Tumaini,

Mvua imenifungia ndani tangu asubuhi, kupalilia kahawa hakuwezekani, basi nimekaa jikoni nikuandikie. Nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine: mzabibu wako nimeukata. Usininunie. Soma mpaka mwisho.

Unakumbuka tulivyopanda basi Mlowo kwenda Dodoma, kwenye mahafali ya Tumaini? Wewe na koti lako la Jumapili, kofia umeiweka magotini safari nzima isije ikabonyea. Kesho yake mwanao akasema, "Baba, miaka yote mzee wa kanisa, unamimina divai, na mti wake hujawahi kuuona. Leo twende." Tukaenda Hombolo. Ardhi kavu, jua linachoma, nikasema moyoni hapa hata muhogo utakataa. Kumbe zabibu zimejipanga mistari kwa mistari juu ya waya, vichala vinaning'inia. Ukachuma tunda moja, ukalibinya kwa vidole kama unavyobinya kahawa mbivu. Nyama ikaruka chini, ukabaki na mbegu kiganjani unaichunguza. Mama mwenye shamba alicheka mpaka akaegemea nguzo. "Baba, huku tunakula hiyo uliyotupa."

Halafu kiwandani, wanakotengeneza divai. Chumba chenye matangi na mapipa, na dada mmoja anatumiminia tuonje. Wageni wengine wakazungusha glasi zao, wakanusa, wakapiga soga. Wewe ukavua kofia, ukafumba macho, ukainamisha kichwa kama uko mezani pa Bwana. Yule dada alisimama na chupa yake mkononi mpaka ukamaliza. Mimi, nisikufiche, niliona aibu, nikakukanyaga mguu chini ya meza. Leo natamani hata dakika moja nikuone umesimama vile. Ulipoulizwa ladha ukajibu kwa heshima zote, "Nzuri, ila ya kwetu kanisani ina sukari zaidi."

Yule mama wa shambani alikupa pingili tatu ndani ya gunia lililoloa, akakuonya: "Kila msimu uukate, uache macho mawili tu ya kuchipulia kwa kila tawi. Ukiuonea huruma utavuna majani." Ukaitika, naam, naam. Mbili zilikufa. Ya tatu ukaipanda nyuma ya jiko, karibu na vichanja vya kuanikia kahawa, ukaijengea kivuli cha nyasi kama mche wa kahawa. Ikashika. Lakini kuikata, ng'o. "Mti umetoka mbali hivi, halafu niupokee kwa mkasi?" Kijiji chetu cha Itaka kizima kikaja kuutazama, nawe unawatolea viti wakae waangalie majani.

Miaka mitatu tulivuna majani. Kila nikikukumbusha unasema mwakani. Ndipo siku ile tunapalilia, nikakutania: "Wewe utakufa hujala zabibu." Ulicheka, ukajifuta macho kwa mkono wa koti, ukasema, "Basi utakula wewe." Mwezi wa sita ugonjwa wa kifua ukakuchukua.

Baba Tumaini, nilikuwa natania. Mdomo wangu unaujua, umeishi nao tangu tuoane. Lakini neno lile lilinikaa kooni. Mwaka mzima nilipita nyuma ya jiko bila kugeuza uso. Tumaini akipiga simu, "Mama, ukate tu, utazaa," namwambia nina kazi. Kazi gani? Niliogopa. Nikiukata ukafa, nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Nikiuacha hivyo hivyo, basi neno langu ndilo lililotimia, lako hapana, na mwenye kosa ni mimi.

Septemba iliyopita, kabla ya mvua, nikachukua ule mkasi wa kupogolea kahawa. Jua lilikuwa kali, nikavaa kofia yako iliyokuwa kwenye msumari. Nilipofika pale, sijui ilikuwaje, nikaivua, nikafumba macho. Kisha nikakata. Macho mawili, macho mawili, hadi ukabaki mti mfupi unatia huruma. Baadaye ncha zote zikaanza kutoa maji, tone, tone. Nami nikalia nao, tena kwa sauti, mpaka jirani akaniita kutoka kwake akiuliza kuna msiba gani. Nikamwambia napogoa.

Haukufa. Ulichipua, ukaweka vichala vitano. Vinne mvua imeviozesha. Cha tano nimekichuma leo asubuhi, nimekimbia na kanga kichwani, nikakileta hapa jikoni kwenye kiti chako. Zabibu kumi na moja. Nikupe ukweli wake? Ni kali kama ndimu. Yule mama wa Hombolo angezitemea mbali. Nimekula moja moja, taratibu, sikumgawia mtu, wala Tumaini sijamwambia bado. Ya mwisho niliibinya kwa vidole kama ulivyofanya wewe, na mbegu zake nimezifunga kwenye leso yako.

Ulisema nitakula mimi. Nimekula, Baba Tumaini. Sasa nisamehe lile neno.

Lala salama. Septemba nitaukata tena.

Mkeo mwenye mdomo,
Mama Tumaini