Mtihani wa Danieli na Salamu Zangu

Kwa dadangu Mwana Esha, Siyu,

Salamu kwanza, tena nyingi, maana mimi neno silianzi bila salamu, na huko chini utaona zimenipa cheo gani. Goti lasemaje? Na yule mbuzi aliyekula mkeka wako, mumepatana? Sisi huku Mombasa tu wazima, mimi zaidi.

Usiulize nani kaniandikia. Ni mimi, kwa mkono wangu. Herufi zimeinama, najua. Minazi ya baba nayo iliinama, na nazi tukazila.

Uliposikia nimeweka mwanafunzi wa ng'ambo nyumbani, ulisema ati uzee umenipanda kichwani. Basi sikiliza. Mgeni wangu yuwaitwa Danieli, yuwasoma chuo kikuu kwao Amerika. Chuo chao huwaleta vijana hapa Mji wa Kale, wakae na wenyeji, wajue Kiswahili. Muhula huu wauita wa majira ya kuchipua. Hapa yalikuwa masika, kilichochipua ni ukungu kwenye viatu vyake. Unaofuata wauita wa kiangazi, nami nimemwambia kiangazi chao kitatukuta tumevaa sweta.

Mwisho wa muhula kuna mtihani wa kusema, dakika ishirini mbele ya walimu wawili. Akianguka, muhula wote umekwenda na maji, na wa kiangazi hauoni, arudi kwao. Msimamizi wao, bibi mmoja mwenye faili, akanijia barazani nashona kofia.

"Mzee Athmani, Danieli hashiki kitabu. Kila asubuhi uko naye njiani. Akianguka, kwako hatuleti mwanafunzi tena."

"Bibi," nikamwambia, "vitabu viko kwao. Kwangu yuwasoma watu."

Mke wangu Rukia akatoa kichwa dirishani: "Wewe darasa la pili lilikushinda, leo wafundisha chuo kikuu?"

Mimi sijibizani na dirisha.

Lakini njiani kweli tulikuwako. Kutoka nyumbani hadi Biashara Street, ninakonunua uzi wa kofia, ni mwendo wa robo saa. Sisi twatumia saa mbili. Sheria yangu ni moja: mtu humpiti, na huulizi bei wala habari nyingine mpaka salamu ziishe. Fundi cherehani, muulize mgongo. Muuza leso, muulize mwanawe wa bandarini Kilindini kapata kazi ya kudumu au bado kibarua. Mwanzo Danieli alikuwa asema "habari" kisha akimbia kama aliyeiba. Namrudisha. Muuza kahawa wa Makadara nilimrudishia mara tatu, hata akanipigia kelele: "Mzee, basi! Mimi mzima!"

Siku ya mtihani nikamsindikiza, nikaketi nje ya mlango. Mlango u wazi kwa joto, nasikia kila neno. Mwalimu mmoja ni wa kwao, kaweka saa mezani. Wa pili Mwalimu Salma, mtoto wa hapa hapa Mji wa Kale. Wakamwambia aeleze biashara ya vitambaa.

Danieli hakueleza. Alianza salamu! Mwalimu kaamkaje, nyumbani hawajambo, mama je? Sasa Mwalimu Salma kalelewa, hawezi kuiacha salamu ianguke chini. Ajibu, naye aulize: na mamako huko, na nduguzo? Danieli ajibu, aulize tena. Ikatoka kuwa mamake Salma ana sukari. Danieli akauliza yuwala nini, na nani amwangalia mchana. Mimi huko nje jasho lanitiririka. Sheria yangu mwenyewe imemfunga mtoto wa watu! Nikampungia mkono aache. Akaniona, akanisalimu na mimi.

Saa ikalia. Kitambaa hakijatajwa hata uzi.

Yule mwalimu wa kwao akasema, "Swali halikujibiwa." Nikasimama niingie. Mwalimu Salma akasema, "Kaa, mzee." Nikakaa, na wanijua, mimi sikai nikiambiwa. Akamgeukia mwenziwe: "Dakika ishirini kijana huyu ndiye aliyenihoji mimi. Nimemweleza ya mamangu ambayo hata mume wangu hajayasikia. Wataka Kiswahili gani tena?"

Mwenziwe akaitazama karatasi, akacheka, akaandika. Kapita, dadangu! Wa kwanza au wa pili sikuuliza, wewe watangazie wa kwanza.

Yule bibi wa faili kaja tena. Ati wanafunzi wote wa kiangazi, siku yao ya kwanza, nitembee nao mimi. Rukia sasa aniita mwalimu, hasa akitaka nikamletee samaki. Na herufi hizi kanifundisha Danieli, alasiri, tukingojea chai.

Msalimu shemeji, fundi wa viatu vya ngozi, na wajukuu wote. Marehemu maalim alinifukuza chuo cha Kurani utotoni; mwanawe mwambie naandika. Mbuzi simsalimu.

Kabla ya muhula mpya wana mapumziko, nasi twaja Siyu, yuwataka kukuona. Chakula kipike mapema, na goti ulitafutie majibu marefu. Kuhusu uzee kunipanda kichwani, utaniambia mbele yake, salamu zikiisha, kama jua litakuwa halijatua.

Ni mimi nduguyo,
Athmani, mshona kofia na mwalimu,
Mji wa Kale, Mombasa