Mjomba Anasema Hana Hasira

Mama,

Umenichosha. Najua mtoto haanzi barua kwa mama yake hivyo, tena mama aliye kaburini, lakini nimekaa hapa Sagalla tangu tulipokuzika, na kila siku nafunga kasha langu, na kila siku dada Wakio analifungua, anatoa nguo na kuzianika kana kwamba zimelowa. Anasema siwezi kuondoka. Mjomba hajatasa.

Unajua ilivyokuwa zamani. Kila nilipokuwa narudi Tanganyika, kwenye nyumba ya watoto ya misheni ninakofanya kazi, ulisimama mlangoni na kibuyu, ukachukua funda la maji ukanipulizia kifuani na miguuni. Kisha ulisema moyo wako ni mweupe, hakuna neno lililobaki ndani, niende. Ulibatizwa kabla yangu, lakini hilo la kutasa, la kutoa kinyongo kwa maji, hukuliacha. Na kwa kuwa maji ya hapa tunayapandisha mlima kwa kichwa, ulinivuta karibu. "Inama vizuri," ulisema, "nisije nikayatasia mawe."

Sasa hupo, na mkubwa aliyebaki ni kaka yako, Mjomba Mwadime. Kila mtu anaona ana kinyongo. Tangu matanga hajagusa kimanga anachopika Wakio. Mimi hanitazami. Nikimwuliza neno, anawajibu kuku. Lakini nikimpelekea maji atase, anayarudisha.

"Nitase nini? Sina hasira. Nani amesema nina hasira?"

Anayasema hayo huku anachimba ardhi kwa fimbo. Kesho yake nampelekea tena, naye anaanza tena na kuku wake.

Wakio anasema nikiondoka na kinyongo cha mkubwa mgongoni, kitanifuata hadi kule, na wa kwanza kuugua watakuwa wale watoto. Sijui kama naamini, Mama. Lakini kuna wachanga kule, na sitaki kujaribu.

Nilikwenda kwa mchungaji. Akasema hayo ni mambo ya kale, mtumishi wa injili huondoka kwa maombi. Tukaomba, vizuri kabisa. Nilipofika mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee ameshalainika. Sikujua nicheke au nilie.

Na huku Bibi mkuu wa nyumba ya watoto amenitumia neno kwa yule kijana wa reli pale Voi. Anataka kujua kama narudi au amtafute mwingine. Tena akasema Ndeshi hataki kula. Huyu ndiye yule mdogo niliyekusimulia, asiyepata usingizi mpaka ashike pindo la kanga yangu. Nani mwingine atakubali kulala ameketi?

Leo asubuhi subira ikaniishia. Nilimkuta Mjomba zizini, nikamwambia sawa, yeye hana hasira.

"Mwenye hasira ni mimi, Mjomba. Nimemkasirikia Mama."

Nikasema yote. Kwamba uliugua tangu mvua za vuli, na kila salamu ulizonitumia zilikuwa mbuzi wamezaa, choroko zimekubali, kanisa limeezekwa. Hukusema kifua kinauma. Hukusema umeshindwa kuteremka shambani. Mimi kule nawaogesha watoto wa watu, na mama yangu anaogeshwa na Wakio. Nilipokuja kuitwa, niliitwa kuzika. Nilisema kwa sauti hadi mbuzi wakakimbilia pembeni, nami hujawahi kunisikia nikipaza sauti.

Mjomba aliweka fimbo yake chini. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanitazama.

"Alinikataza kukuita," akasema. "Kila nikitaka kutuma mtu Voi ananishika mkono. Mwache, ana watoto. Mwache, ana watoto. Nimemkasirikia dada yangu, Mghoi, na ameshakufa. Mtu kama huyo unamtasia wapi?"

Basi ndivyo ilivyokuwa, Mama. Tulikuwa wawili katika boma moja, tumemkasirikia mtu mmoja, na siku zote hizo yeye anazungumza na kuku.

Tulikwenda kaburini kwako. Akataka nianze mimi, ingawa ni mdogo. Maji yakanipalia, nikakohoa yote kifuani mwangu, akasema hilo halihesabiki, nirudie. Nikarudia. Sitaandika nilichosema, ulikuwepo. Halafu akaja yeye. Alikugombeza sana. Alianza na ugonjwa, akarudi nyuma mpaka siku mlipokuwa mnachunga, mwiba ukakuingia mguuni nawe ukamficha, mpaka usaha ukakusaliti. Akasema hujabadilika. Alipomaliza akachukua funda jingine, akanigeukia, akanipulizia lote machoni. Shabaha yake si kama yako. Wakio, aliyekuwa nyuma yetu muda wote, akatuambia imetosha, hayo ni maji ya kupikia.

Kesho nateremka Voi. Wakio mwenyewe amenifungia kasha, na Mjomba anasema atalibeba hadi stesheni, mtu asibishane naye.

Sitakudanganya kwamba yote yametoka. Jioni hii nimekunja kanga uliyoniachia, nikajikuta nanung'unika tena. Ulisema nina watoto. Ni kweli ninao, na ndio ninaowarudia. Lakini hata mimi nilikuwa mtoto wa mtu. Ungeniita, ningekuja, ningekupikia uji, kisha ningerudi kwao. Treni ipo, Mama. Haikuwa lazima kuchagua.

Pumzika sasa. Nimekusamehe kadiri nilivyoweza leo, na kilichobaki nitakimalizia huko njiani. Ila jambo moja nakuahidi, na kwa hili sitakuwa mwanao: mimi nikiugua, nitasema. Hata ikiwa ni homa ndogo tu, nitamtuma mtu. Wakio naye ameapa ataniambia lake, hata likiwa jino.

Kwa heri, Mama.

Mghoi