Koplo Zahoro Abdulswamad, Uliyerudi Mabegani mwa Mtaa

Mwaka umetimia, Zahoro, tangu urudi nyumbani Narung'ombe kutoka kulinda amani ya watu wengine.

Tunakukumbuka kwa mengi, ila watoto hutaja viatu kwanza. Ukija likizo ulikuwa unang'arisha viatu vya nyumba nzima, mpaka ndala za mama. Yeye alikutania kwamba jeshi limemharibia mtoto, huku anakuletea kopo jingine la kiwi.

Habari mbaya ilipofika, mama hakuuliza umekufaje. Aliuliza unakuja na nani. Rafiki yako Steven, mliyekuwa naye huko, alimpigia simu: "Mama, niko naye. Sitamwacha mpaka nimkabidhi kwako." Ndipo mama akakubali kula.

Askari wenzako walikuwa wamejipanga kukubeba kwa mwendo wao wa pole. Ungecheka, Zahoro. Kufika kona ya mtaa wetu, watu wa Kariakoo walilipokea jeneza kama tunavyopokea sisi, kila mmoja anagombea bega, na msafara ukashika mbio. Askari wakapotezana hatua. Hata jirani yetu mzee Ravindra, aliyefunga duka lake la vitambaa kwa ajili yako, aliingiza bega. Steven peke yake hakuachia. Kofia ilimdondoka, akakimbia nawe hadi mlangoni.

"Shikamoo, mama," alisema akihema. "Nimemleta."

"Marahaba, mwanangu. Nimempokea."

Tulilia sana siku ile, na bado tunalia. Lakini mama analala usingizi wake, kwa sababu hukuja peke yako.

Ijumaa iliyopita tulikusomea hitima. Steven alikuja, akasema yeye Mkristo, atakaa barazani. Mama alipotoka alikuta viatu vya wageni wote vimepangwa mlangoni vinang'aa, na Steven ameinamia ndala za mama, brashi mkononi.

"Hizi zimenishinda, mama."

"Hata mwenzio zilimshinda kila likizo," mama akamwambia. "Nipe nivae, uingie ule."

Tuna furaha kwamba ulikuwa wetu. Mwenyezi Mungu akurehemu. Hututoki moyoni, leo wala kesho.

Unakumbukwa na mkeo Kuruthumu, dada yako Shamsa, majirani wote wa Narung'ombe, mama yako Siwema, na, kwa agizo la mama mwenyewe, mwanawe Steven.